Kiguu cha Tisa

Saa sita usiku, Łódź. Theluji imelala juu ya nyaya za tramu
na mimi nimelala kifudifudi jikoni, tochi mdomoni,
nachungulia tumbo la kompyuta.

Nabonyeza swichi.
Feni inazunguka mzunguko mmoja na nusu,
kama mtu aliyesikia jina, akageuza shingo,
akaona si yeye anayeitwa.
Kisha kimya.

Nabonyeza tena. Shingo. Kimya.

Ubao mama ni mpya. Nimeununua kwa ujira wa zamu za Krismasi,
zile ambazo wenye watoto nyumbani hawazitaki.
Wangu, Ksawery, yuko Gdańsk, anasomea uundaji wa meli,
na kwenye simu anapiga miayo:
"Mama, ule waya wa pini nane, pembeni mwa kichakataji?"
Nimechomeka.
"Vijiti vya kumbukumbu?"
Nimevichomoa, nimevisugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikarudisha kimoja, nikabadili tundu, nikarudisha cha pili.
"Betri ya saa?"
Nimeitoa. Iko hapa, duara kama sarafu,
na haiwezi kununua hata mkate.
"Basi labda wamekuuzia mbovu," anasema. "Lala."

Lala!
Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kwenye usukani wa tramu.
Tani thelathini zikigoma katikati ya makutano
abiria hawaniambii nilale.
Umeme ninaujua tabia yake: hauna kiburi, hauna kinyongo,
unatafuta tu njia fupi ya kurudi kwao.
Usipofika unakotakiwa, jua kuna mahali umeshafika mapema.

Nikafungua skrubu zote, nikazitia kwenye kibakuli cha sukari,
nikaunyanyua ubao kwa ncha za vidole
kama nilivyomnyanyua yeye alipougua tetekuwanga,
nikitafuta pa kushika pasipouma,
nikaulaza juu ya boksi la viatu.
Pale mezani, uchi, bila kasha wala kifuniko,
nikagusanisha pini mbili kwa bisibisi,

feni ikashika kasi, haikugeuka nyuma.

Mgeni mzima. Mgonjwa ni nyumba.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu wangu alikuja akatandikiwa kitanda chenye mwiba.

Nikarudi kwenye kasha, nikapapasa bati lake.
Viguu vya shaba vya kubebea ubao: tisa.
Matundu ya ubao mpya: manane.
Nikahesabu tena, kwa sauti,
hadi Bibi Wacława wa ghorofa ya juu akagonga sakafu yake.
Kimoja kilibaki katikati, urefu wa ukucha,
kilichokuwa kikiubeba ubao wa zamani,
na sasa kinamchoma mgeni mgongoni
kila ninapomkaza vizuri.

Nani alikifunga pale? Mimi.
Miaka tisa nyuma, Ksawery ana kumi na miwili,
ameshika tochi hiihii, mwanga unatikisika kwa kicheko,
ananihesabia: saba, nane, tisa, mama, tayari!
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kiligoma kutoka. Nikakikamata kwa koleo.
Kikaacha duara safi kwenye bati, lisilojua vumbi.
Nikakitia mfukoni mwa koti la kazi.

Saa tisa na robo, mlio mmoja, mfupi.
Skrini ikawaka, ikaniuliza kwa herufi nyeupe
leo ni tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi,
maana yenyewe ilidhani ni Januari mosi ya mwaka juzi,
siku ambazo chumba cha pili kilikuwa bado kinakoroma.

Saa kumi na nusu natakiwa depoti.
Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi.
Sikuijibu.
Nikaiacha iamini hivyo
muda wa birika moja kuchemka.